Nyumba unayoinunua Kigoma inadaiwa nini? Kodi, rehani na mazuio ya kuangalia kabla hujatoa hela

Wanaonunua nyumba Mwanga, Gungu au Katubuka huwa na maswali mawili: bei ya mwisho ni ngapi, na mipaka inaishia wapi. Swali la tatu, nyumba hii inadaiwa nini na nani, wengi hulisikia baada ya hela kutoka, na anayekuja nalo ni dalali wa mahakama au barua kutoka ofisi ya ardhi.

Madeni ya nyumba yana sura mbili. Yapo ya serikali, yaani kodi. Yapo ya watu, yaani rehani, zuio, au amri ya mahakama. Muuzaji akishahamia Kasulu au Uvinza na fedha zako, madeni hayo hayahami naye. Utayakuta kwenye jalada la kiwanja siku unapoomba kuhamisha hati, au kwenye mita ya umeme siku unapoingiza luku ya kwanza. Kwa hiyo mpangilio wa hatua hapa chini ni wa makusudi. Kuhesabu noti ni kazi ya mwisho kabisa.

Hatua ya kwanza: jua ardhi ni ya namna gani

Manispaa ya Kigoma Ujiji ina viwanja vilivyopimwa vyenye hati, ina viwanja vyenye barua ya toleo tu, ile watu wanayoiita ofa, na ina nyumba nyingi, hasa mitaa ya zamani ya Ujiji, ambazo karatasi yake pekee ni mauziano yaliyoandikwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Ukitoka mjini kwenda vijijini kuna ardhi ya kijiji, ambayo inasimamiwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, na mwenye bahati ana hatimiliki ya kimila.

Aina ya ardhi ndiyo inayokwambia pa kuuliza. Penye hati, utaenda kwa Msajili wa Hati. Zamani mtu wa Kigoma alilazimika kupanda treni kwenda Tabora, kwenye ofisi ya kanda, kwa jambo kama hili. Tangu 2020 kila mkoa umewekewa ofisi yake ya ardhi, kwa hiyo kisingizio cha umbali kimekwisha. Penye hatimiliki ya kimila, daftari lipo kwenye masijala ya kijiji, na mauzo yenyewe yanahitaji kibali cha halmashauri ya kijiji. Palipo na mauziano matupu hakuna daftari la kupekua. Hapo kazi yote inabaki kwa majirani, wazee wa mtaa na masikio yako.

Jambo moja hapa linawachanganya wengi. Risiti ya kodi si hati. Mtu anaweza kukuonyesha risiti za miaka kumi za kodi ya jengo na bado nyumba ikawa ya marehemu baba yake, yenye warithi sita. Kodi inaonyesha nani alilipa. Haionyeshi nani anamiliki.

Hatua ya pili: kodi ya pango la ardhi

Hii hulipwa na mwenye kiwanja kilichomilikishwa, kila mwaka, kwa Wizara ya Ardhi. Kiwango kinategemea ukubwa wa kiwanja, mahali kilipo na matumizi yake. Ndiyo maana kiwanja cha biashara karibu na stendi hakilingani na cha makazi cha ukubwa uleule pembeni ya mji. Mwaka wa kodi huanza Julai 1, na ukilipa kabla Desemba haijaisha huna shida. Ukivuka hapo, riba ya asilimia 1 kwa mwezi inaanza kupanda.

Asilimia 1 inasikika ndogo. Lakini kiwanja kilichosahaulika miaka minane, mwenyewe akiwa Dar es Salaam na shamba-boi amelala ndani, hujikuta na malimbikizo yanayoshtua, maana kila mwaka unaongeza kodi mpya na kila mwezi unaongeza riba. Mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alitoa msamaha wa riba kwa waliokuwa na malimbikizo, kwa sharti la kulipa deni la msingi ndani ya muda uliowekwa. Wako waliolipa, wako waliosema watalipa kesho. Usinunue nyumba kwa kutegemea msamaha ujao.

Kuangalia deni ni rahisi. Mwambie muuzaji apige *152*00# mbele yako, afuate menyu mpaka huduma za ardhi, aombe ankara ya kiwanja chake. Au nendeni wote wawili ofisi ya ardhi mkiwa na namba ya kiwanja na kitalu, mpewe kiasi kinachodaiwa pamoja na namba ya malipo. Namba ya malipo ndiyo njia pekee. Afisa yeyote anayekwambia umpe taslimu “akusaidie kuingiza” anajisaidia mwenyewe.

Asiyelipa hufanywaje? Hupewa notisi, kwa kawaida ya siku 14, kisha hupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Baraza linaweza kuamuru mali yake ikamatwe na kuuzwa kufidia deni. Zaidi ya hapo, kutolipa pango ni kuvunja sharti la umiliki, na umiliki unaweza kufutwa. Kwako mnunuzi kuna kizuizi cha karibu zaidi: ombi la kuhamisha hati halipiti bila risiti ya pango kuwa safi. Ukinunua na deni, utalilipa wewe, hata kama mauziano yanasema vingine.

Hatua ya tatu: kodi ya majengo, ile inayokatwa kwenye luku

Hapa ndipo penye malalamiko mengi vibarazani, na mengi yanatokana na kutojua. Kodi ya majengo na pango la ardhi ni vitu viwili tofauti. Pango ni la kiwanja, kodi ya majengo ni ya kilichojengwa juu yake. Nyumba iliyo kwenye kiwanja ambacho hakijapimwa wala kumilikishwa haina pango la kulipa, lakini kodi ya jengo inalipa.

Tangu Julai 2021 kodi hii hukusanywa kupitia umeme. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na Julai 2023 ikapanda kuwa 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka. Ghorofa mjini hulipiwa 7,500 kwa mwezi kwa kila sakafu, sawa na 90,000 kwa mwaka.

Tazama inavyofanya kazi. Umenunua umeme wa 10,000. Kabla ya uniti kuhesabiwa, 1,500 ya mwezi huu inaondoka. Inayobaki, 8,500, ndiyo inayokatwa VAT, tozo ya REA (umeme vijijini) na ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji), kisha unapata uniti. Sasa chukua nyumba iliyokaa tupu miezi sita bila mtu kununua umeme. Kodi ya miezi hiyo haikulala. Atakayeingiza luku ya kwanza atakatwa 9,000, na kama alinunua ya 10,000 atapata uniti za kuwasha taa usiku mmoja. Mara nyingi mtu huyo ni mnunuzi mpya, na hulaumu TANESCO, kumbe TANESCO ni wakala tu wa kuikusanya.

Ukiwa unakagua nyumba, fanya jaribio dogo: nunua umeme wa kiasi kidogo kwenye mita hiyo na usome risiti. Ikionyesha makato ya mwezi mmoja tu, mita iko sawa. Ikionyesha malimbikizo, mrudie muuzaji mpunguze bei.

Wapangaji nao wana swali lao. Sheria inamtaka mmiliki alipe, si mpangaji. Mpangaji anayekatwa kwenye luku ana haki ya kufidiwa kwenye kodi ya nyumba, kwa hiyo atunze risiti na wakubaliane na mwenye nyumba mapema, tena kwa maandishi. Zile nyumba za Mwanga zenye mita nne kwa wapangaji wanne zina tatizo la pili: jengo moja linaweza kukatwa mara nne. Dawa yake ni kwenda na namba za mita zote kwa wasimamizi wa kodi hii, uombe ibaki kwenye mita moja. Halijirekebishi lenyewe.

Wapo waliosamehewa: mwenye umri wa miaka 60 au zaidi kwa nyumba moja anayoishi mwenyewe, na watu wenye ulemavu kwa nyumba wanayoishi. Nyumba za tope na za nyasi hazitozwi. Msamaha wa mzee hauji wenyewe, lazima auombe kwa kitambulisho. Na ukinunua nyumba ya mzee wa miaka 72 iliyokuwa haikatwi, usishangae ikianza kukatwa kwako. Msamaha ulikuwa wake, haukuwa wa nyumba. Jengo lisilo na umeme nalo halijasahauliwa. Mwenyewe huchukua namba ya malipo.

Hatua ya nne: upekuzi

Kama utafanya jambo moja tu katika mwongozo huu, fanya hili. Upekuzi ni kuomba kwa Msajili wa Hati akupe taarifa rasmi ya yaliyoandikwa kwenye daftari kuhusu hati fulani. Unajaza ombi, unalipa ada, unapewa majibu ya maandishi: mmiliki ni nani, hati ni ya miaka mingapi, imebaki mingapi, na kuna mizigo gani juu yake. Mizigo ndiyo unayoitafuta.

Unaweza kukuta rehani ya benki. Unaweza kukuta zuio, ambalo huwekwa na mtu anayedai ana haki katika ardhi hiyo: mke, mrithi, mnunuzi wa kwanza aliyelipa nusu. Zuio likiwepo, Msajili hasajili uhamisho mpaka liondolewe na aliyeliweka au kwa amri ya mahakama. Unaweza pia kukuta amri ya mahakama ya kusimamisha kila kitu, au dai la TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, maana Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inampa Kamishna Mkuu uwezo wa kushikilia mali ya mdaiwa sugu wa kodi yoyote, hata ile ya biashara yake.

Fanya upekuzi mwenyewe au kwa wakili wako. Usipokee karatasi ya upekuzi kutoka mkononi mwa dalali, hata kama ina muhuri mzuri. Na iwe ya wiki hiyo hiyo. Upekuzi wa miezi mitatu nyuma unaeleza hali ya miezi mitatu nyuma.

Hatua ya tano: hati ambayo “iko mahali”

Upekuzi una upofu mmoja, na mjini kwetu upofu huo ni mkubwa. Sheria ya Ardhi ya 1999 inatambua rehani zisizo rasmi. Mtu anaweza kukopa na kumwachia mkopeshaji hati yake kama dhamana kwa makubaliano ya maandishi, bila kwenda kusajili. Deni la namna hiyo linaweza kuwepo kihalali na daftari la Msajili lisiwe na hata mstari mmoja.

Kwa hiyo dai kuona hati halisi. Kopi haitoshi, picha ya WhatsApp ndiyo kabisa. Mazungumzo huenda hivi:

“Shikamoo mzee.”
“Marahaba mwanangu.”
“Mzee, hati tunaweza kuiona leo?”
“Ipo, ila iko kwa mdogo wangu Kasulu. Tutaifuata ukishatoa ile ya kwanza.”

Hapo simama. Huenda kweli iko Kasulu. Huenda pia iko kwenye kabati la mkopeshaji wa mtaani, au SACCOS, au kwa tajiri wa dagaa aliyemkopesha kijana wa mzee injini ya boti. Jibu la heshima ni kwamba utasubiri hati ifike, na hela nayo itasubiri. Mzee mwenye hati yake hatakasirika.

Kwenye nyumba zisizo na hati, swali ni hilo hilo kwa sura nyingine: mauziano ya asili yako wapi? Karatasi hizo nazo huwekwa dhamana kwenye vikoba na kwa wale wa mikopo ya riba kubwa, maarufu kausha damu. Mwenyekiti wa mtaa hana daftari la mikopo, lakini mara nyingi ndiye aliyeshuhudia, na jirani wa upande wa pili anajua nani huja kudai kila mwisho wa mwezi.

Hatua ya sita: nyumba ikiwa na rehani ya benki

Rehani si sababu ya kukimbia. Nyumba nyingi nzuri zina rehani. Kosa ni kumpa muuzaji fedha ukitumaini ataenda kulipa benki. Njia ya salama ni makubaliano ya watu watatu, wewe, muuzaji na benki. Benki inatoa barua ya salio, wewe unalipa salio hilo moja kwa moja kwenye akaunti ya mkopo, benki inatoa hati ya kufuta rehani na kuiachia hati ya nyumba, na kilichobaki cha bei kinaenda kwa muuzaji. Kufutwa huko lazima kusajiliwe kwa Msajili. Nimeona watu waliomaliza mkopo miaka iliyopita na daftari bado linasema nyumba ina rehani, kwa sababu tu karatasi ya kufuta ilibaki kwenye bahasha nyumbani.

Uliza habari za mwenza. Nyumba ya familia haiwekwi rehani kihalali bila ridhaa ya mke au mume, na haiuzwi kirahisi bila ridhaa hiyo. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamruhusu mwenza kuweka zuio. Kukaa na mama mwenye nyumba sebuleni na kusikia kauli yake kwa masikio yako kunakuokoa na kesi ya miaka. Kama ni wake wawili, kaa na wote.

Na kama wewe ndiye uliyekopa? Au, kama inavyotokea zaidi, umeweka hati yako kwa mkopo wa mdogo wako? Ukishindwa kulipa, benki inapaswa kukupa notisi ya siku 60 kabla ya kuuza. Wengi huiweka notisi chini ya godoro. Hizo siku 60 ndizo zenye thamani kuliko zote. Omba taarifa ya mkopo uhakiki hesabu, omba kupangiwa upya, au iombe benki ruhusa ya kuuza mwenyewe, kwa sababu mwenye nyumba akiuza kwa utulivu hupata bei ambayo mnada hauleti. Mnada ukifika, unapaswa kutangazwa siku 14 kabla. Na benki haina ruhusa ya kuuza kwa bei ya kutupa: bei ikishuka asilimia 25 au zaidi chini ya bei ya soko ya nyumba zinazofanana, sheria inaanza kwa kudhani benki haikutimiza wajibu wake, na una hoja ya kupeleka mahakamani.

Ipo kinga nyingine ambayo wadai wa kawaida hawapendi ijulikane. Mtu akikushinda kesi ya madai, hawezi kukamatisha nyumba unayoishi na mwenza na watoto wako ili alipwe. Sheria ya Mwenendo wa Madai inaikinga. Lakini kinga hiyo haigusi rehani. Ukiisaini mwenyewe benki, umeitoa.

Hatua ya saba: kodi za siku ya kuuziana

Mauziano yawe ya maandishi, ikiwezekana mbele ya wakili, na fomu za ardhi namba 29, 30 na 35 zijazwe. Kama ni nyumba ya urithi, anayeuza awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na warithi wajue.

Muuzaji anadaiwa kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida kwa mkazi wa Tanzania. Tuseme mtu alinunua nyumba ya kupangisha Gungu kwa milioni 38, akaongeza bati na uzio kwa milioni 5, akauza milioni 50. Faida ni milioni 7, kodi ni 700,000. Kama hana karatasi za gharama zake, kuna njia ya kulipa asilimia 3 ya bei ya kuuzia au ya thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa: hapo ni milioni 1.5. Risiti za saruji na bati zimemwokolea 800,000. Nyumba ambayo mtu ameimiliki na kuishi mwenyewe miaka mitatu au zaidi haitozwi kama faida haizidi milioni 15.

Muuzaji mjanja atasema “ya TRA utamalizana nayo wewe.” Inawezekana mkakubaliana hivyo, lakini basi iandikwe na ipunguzwe kwenye bei, kwa sababu bila cheti cha TRA Msajili hahamishi. Ushuru wa stempu, karibu asilimia 1 ya thamani, kwa kawaida ni wako mnunuzi. Kuandika bei ya uongo ili kukwepa hakusaidii sana, maana mthamini wa serikali hupita na kuweka thamani yake. Kinachobaki ni mauziano yenye bei ya uongo ambayo siku ya ugomvi yatakufunga wewe.

Malipo yenyewe yapite benki, na sehemu kubwa ibaki mpaka uhamisho ukubaliwe.

Baada ya hapo

Peleka uhamisho usajiliwe, usikae na fomu zilizosainiwa. Kisha badilisha jina la mlipaji wa pango la ardhi, jina la mita TANESCO, na akaunti ya maji KUWASA baada ya kuhakikisha ankara ya mwisho ya mwenye nyumba wa zamani imelipwa. Toa kopi ya kila risiti, maana wino wa zile karatasi za mashine hufutika kwa joto la Kigoma kabla ya mwaka kwisha.